Nepi Mbichi

"Huo si mkojo, Sista. Weka chini."

"Mama, niachie nepi nipime. Nina watoto kumi na tisa humu ndani, si wako peke yake."

"Hata wangekuwa mia. Hayo ni maji ya bomba. Nimefua mimi, nimekamua mimi, nimemvalisha mimi. Usiandike."

Walikuwa wameshika kitambaa kimoja, kila mtu na ncha yake, kama wanunuzi wawili wanaogombea nguo ya mwisho mnadani. Chini yao, juu ya meza, mzani mdogo wa jikoni ulionyesha sifuri na kungoja.

Muuguzi ndiye aliyeachia kwanza. Si kwamba alishindwa. Mikono ilikuwa imemchoka. Alikuwa kazini tangu jana jioni. Mwenzake wa kumpokea alifika saa moja asubuhi, akapewa sare mpya, akapelekwa langoni kujifunza kusimama mstari mmoja na wenziwe, kwa kuwa leo wageni wa wizara wanakuja. Nani angempokea aliyekesha, hilo halikuandikwa kwenye ratiba.

"Haya sema," alisema. "Unataka nini?"

"Pima hiyo. Halafu pima na hii." Mwanamke alichomoa nepi nyingine kutoka ndoo yake ya plastiki, imekunjwa vizuri mara nne. "Hii hajaivaa. Nimeitoa bafuni sasa hivi."

Katika wodi ile ya watoto njiti, mama aliitwa kwa kazi yake na mtoto kwa uzito wake. Huyu alikuwa Mama Unga, kwa sababu aliuza unga wa kupima sokoni. Mwanawe alikuja miezi miwili na nusu kabla ya siku zake, na mzani ukasema gramu elfu moja na mia moja. Akaitwa Kilo na Mia. Leo alikuwa na siku tano.

Muuguzi aliweka ile iliyovuliwa. Thelathini na tisa.

Ukutani, juu ya meza, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta, mwandiko wa Matroni: NEPI KAVU NI GRAMU 30. PIMA MARA MOJA TU, BAADA YA KUVULIWA. TUTUNZE BETRI. Thelathini na tisa toa thelathini, tisa. Gramu tisa ni mililita tisa, na mililita tisa kwa saa tatu, kwa kiumbe cha kilo moja, ni mkojo wa kumfurahisha daktari. Ndivyo chati ilivyosema jana. Ndivyo ilivyosema juzi.

Aliweka ile isiyovaliwa.

Arobaini.

Aliiondoa, akarudisha mzani kwenye sifuri, akaiweka tena. Arobaini.

"Umeona?" Mama Unga alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ya kwake nyepesi kuliko ya ndooni. Mwanangu hakojoi, Sista. Anaanika."

Muuguzi alivua glavu ya mkono wa kulia na kuigusa nepi kwa vidole vitupu. Baridi. Si kulowana kwa kudondosha maji, ila ule ubichi wa nguo iliyokaa kivulini siku nzima. Jana pia alihisi baridi hiyo kupitia glavu, akajiambia ni uchovu.

Kamba za kuanikia zilikuwa nyuma ya wodi, kwenye jua, miaka yote. Siku tatu zilizopita fundi wa hospitali alizikata kwa amri. Wageni hawawezi kuja kuona nepi zinapepea kama bendera za nchi maskini, alisema Matroni. Kamba hazikutupwa. Ndizo zilizofungia kitambaa kirefu kule langoni, KARIBUNI WAGENI WETU. Akina mama waliambiwa wajibanze bafuni, na bafuni hamkuwa na dirisha. Walitandika nepi juu ya bomba, juu ya mlango, juu ya kingo za ndoo. Zilipoacha kudondoka waliziita kavu.

"Jana mlinipigia vigelegele," Mama Unga alisema.

Ni kweli. Jana asubuhi Kilo na Mia aliwekwa kwenye mzani mkubwa akatoa elfu moja mia mbili na kumi. Mia na kumi zimeongezeka tangu azaliwe! Akina mama walipiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia. Mmoja, aliyeitwa Mama Cherehani, alisema huyu si njiti tena, huyu ni gogo, na wodi nzima ikacheka. Muuguzi naye, aliyekuwa akimaliza zamu ya usiku, alicheka. Alicheka huku akijua, maana chuoni walifundishwa na mtihani ulikuja, kwamba mtoto wa hivi hupungua siku za mwanzo kabla hajaanza kuongezeka. Lakini furaha ni adimu pale ndani, na hakuna anayeipekua ikija.

"Nililala nikifurahi," Mama Unga aliendelea. "Alfajiri nikashtuka. Sista, mimi nimeuza unga miaka kumi na mbili. Gunia likiongezeka uzito na hakuna aliyelitia kitu, basi limelowana. Hakuna siri nyingine. Nikaenda kumtazama. Macho hayafunguki. Nikambonyeza mguu hapa, shimo likabaki."

Walikwenda pamoja kwenye kisanduku cha joto. Mtoto alilala chali, mrija puani, miguu imekunjwa kama ya chura. Kope zilikuwa zimevimba, laini na za kung'aa. Muuguzi alibonyeza muundi kwa ncha ya kidole. Shimo dogo lilibaki pale, likachelewa kujaa.

"Daktari alisema figo zake bado mbichi," Mama Unga alisema. "Akasema zitaiva taratibu, tuziangalie kwa mkojo. Sasa mmeziangalia kwa mkojo wa bomba."

"Alitolewa damu siku ya kwanza."

"Ikasema figo nzuri. Na daktari huyo huyo akasema nisiifurahie, damu ya siku ya kwanza inasema habari za mama, si za mtoto. Kwa hiyo figo zangu mimi ni nzima. Ahsante. Za kwake je?"

Damu ya pili ilitakiwa ichukuliwe jana. Muuguzi aliteremka maabara mwenyewe, na kijana wa maabara akamwonyesha kopo tupu. Dawa ya mashine ya kupimia figo ilikuwa imekwisha juzi. Basi ikabaki nepi. Nepi, mzani wa jikoni, na karatasi ya ukutani.

"Una nepi kavu?" muuguzi aliuliza. "Kavu kweli?"

Mama Unga alifungua vifungo vya juu vya gauni lake. Kifuani, kwenye ngozi, chini ya sidiria, alikuwa amepachika kitambaa. Alikichomoa. Kilikuwa na joto lake. "Nimeianika hapa tangu alfajiri. Kamba hii hawajaikata."

Kwenye mzani kilitoa ishirini na tisa. Muuguzi alichukua kipande cha plasta, akaandika 29 na saa tatu, akakibandika juu ya kisanduku. Wakamvalisha mtoto. Sasa ilikuwa kungoja hadi saa sita, na saa sita ndipo sindano yake ya leo ya antibiotiki ilipotakiwa. Dawa ile iliua vijidudu kweli kweli. Lakini mlango wake wa kutokea ni figo, na figo zikifunga hubaki ndani, ikizila hizo hizo figo.

*

Matroni aliingia saa nne na nusu, na manukato yake yakatangulia. Alikuwa mwanamke mnene wa umri wa kustaafu, viatu vipya vinambana. Alipitisha kidole juu ya dirisha, akakiangalia, akaridhika.

"Mdogo wangu, chati zote ziko sawa?"

"Matroni, haziko sawa. Hata moja."

Akamweleza. Aliongea kwa kifupi, kama anayekabidhi zamu: nepi mbichi, thelathini na tisa kwa arobaini, kope, muundi. Matroni alisikiliza bila kumkatiza. Halafu alimshika mkono akamvuta hadi kona ya sinki.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yake."

"Yule wa unga? Yule ana mdomo." Alitazama saa yake. "Sikiliza. Unajua wanakuja kufanya nini? Wanatafuta wodi moja, moja tu, ya kuipa mashine. Mashine ya damu, inapima figo kwa tone moja la kisigino, hapa hapa, bila kushuka maabara. Na wanachagua kwa chati. Chati kamili, kila saa tatu, hakuna nafasi tupu. Sisi tunazo. Miezi minne nimewapigia kelele hadi mnaniita Kengele, mnadhani sijui? Leo unataka kuniambia zifutwe?"

"Ni za uongo, Matroni."

"Ni za siku tatu! Kabla ya hapo zilikuwa za kweli. Mashine ikija itapima watoto wangapi? Piga hesabu ya mwaka. Tufunike kombe mwanaharamu apite, kesho nakurudishia kamba zako."

"Ndani ya kombe kuna mtoto."

Matroni alimtazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali ambalo aliwahi kujiuliza zamani, akalizoea.

"Mimi nilianza kazi hapa hakuna hata mzani," alisema. "Tulikuwa tunanusa nepi. Wewe umekuta mzani, na mzani niliupata kwa kufunika kombe. Mwite daktari ukitaka. Ila sindano itolewe kwa wakati na chati ijazwe. Wakiingia humu nisikute nafasi tupu."

Alipotoka, Mama Cherehani alinong'ona kutoka kitandani kwake, "Kengele imelia," na hakuna aliyecheka.

Muuguzi alimpigia daktari simu. Daktari alikuwa ukumbini, akifanya mazoezi ya hotuba yake, na nyuma yake mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Yule wa elfu moja mia moja? Chati inasema nini?"

"Inasema anakojoa vizuri, daktari. Lakini..."

"Vizuri kiasi gani?"

"Tisa, nane, tisa, kumi."

"Huo ni mkojo mzuri sana."

"Nepi zilikuwa mbichi, daktari. Mtoto amevimba."

Moja mbili, moja mbili. "Sista, mimi niko mbali, siwezi kumwona. Ninachoweza kuona ni chati. Kwenye chati ni mzima. Nitapita jioni wakishaondoka."

Simu ikakatika. Aliishikilia sikioni kidogo zaidi, kwa sababu ilikuwa sababu nzuri ya kusimama bila kufanya kitu.

Kisha kazi ikamchukua. Kilo Kasorobo aliacha kupumua, muuguzi akamkanda mgongo hadi mtoto akakumbuka kupumua. Mapacha walitakiwa kulishwa kwa mrija, matone kwa matone, sindano imeinuliwa juu kama mshumaa. Na kila aliponyanyua macho alimwona Mama Unga kwenye kibao chake, amekaa wima, mikono mapajani, anatazama nepi. Hakuomba, hakulia. Alitazama kama watu wanavyotazama chungu kilichokataa kuchemka.

Saa tano akina mama wengine walianza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja na ndoo yake.

"Sista, na ya kwangu nipimie."

"Na mimi."

Alipima. Zote zilikuwa za kungoja kuvaliwa. Thelathini na sita. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Mama Cherehani, ambaye siku zote alijisifu kwamba mwanawe anakojoa kama gari la zimamoto, aliona namba yake, akaichukua nepi, akaiminya ngumi. Hakutoka tone. Aliikunja upya taratibu na kurudi kitandani.

"Yupi anakojoa na yupi hakojoi?" aliuliza kutoka kule, bila kumwelekea mtu.

"Sijui," muuguzi alisema.

Hakukumbuka mara ya mwisho kulisema neno hilo ndani ya sare.

*

Saa sita kasoro dakika tano, trei ya sindano ilikuwa tayari. Bomba dogo, sindano nyembamba kama unywele, dawa isiyofika nusu mililita. Kwenye korido vilisikika viatu vingi na sauti ya Matroni ikicheka kicheko cha wageni. Walikuwa wodi ya wazazi. Iliyofuata ilikuwa hii.

Mama Unga alimvua mtoto mwenyewe. Alifanya polepole, kwa ncha za vidole, kama anayefungua barua. Aliibeba nepi kwa viganja viwili hadi mezani.

Muuguzi hakuvaa glavu. Aliigusa kabla ya kuipima, na hapo alikwishajua, lakini aliiweka.

Ishirini na tisa.

Ilikuwa kavu kama ilivyotoka kifuani mwa mamaye. Saa tatu nzima, na hata gramu moja haikuongezeka.

"Imesemaje?" Mama Unga aliuliza, ingawa alijua kusoma namba kuliko mtu yeyote mle ndani.

Muuguzi alitazama trei. Alitazama chati ya Kilo na Mia, mistari yake iliyonyooka, tisa, nane, tisa, tisa, kumi, na chini ya kila namba saini. Saini nyingi zilikuwa zake. Aliwaza mashine ya tone moja la kisigino. Aliwaza mtoto wake mwenyewe, wa darasa la pili, na ada, na barua ya onyo inavyoandikwa, kwa sababu alikwisha kuiona ya mwenzake. Mlango wa wodi ya wazazi ulifungwa huko nyuma na viatu vikaanza kukaribia.

Alichukua bomba la sindano akamimina dawa yote kwenye sinki.

Kisha akachukua kalamu nyekundu. Alipiga mstari mmoja juu ya siku tatu, kutoka kona hadi kona, akaandika kwa herufi kubwa ambazo hata mtu mwenye haraka angezisoma: NEPI ZILIKUWA MBICHI. MKOJO WA SIKU TATU HAUJULIKANI. LEO SAA TATU HADI SAA SITA: SIFURI. SINDANO IMEZUIWA. DAKTARI AITWE SASA. Akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, si kile kisaini cha haraka.

Hakuishia hapo. Alikwenda kitanda cha pili akapiga mstari. Cha tatu. Mama Cherehani alimwinulia chati ya mwanawe mwenyewe, kama anayempa mtu kikombe. Mstari. Haujulikani. Wino ulianza kukataa kwenye cha kumi na moja, akaupuliza, ukarudi. Kwenye cha kumi na tano ulikwisha kabisa, akabadilisha kalamu akatumia ya bluu, kwani rangi haikuwa na maana tena.

Mlango ulifunguliwa akiwa kwenye cha kumi na tisa.

"Na hii, waheshimiwa wetu," Matroni alikuwa akisema, akitembea kinyumenyume ili asiwape mgongo, "ndiyo wodi ambayo kila tone linaandikwa."

Mgeni wa mbele, mwanamume mwenye miwani, alinyoosha mkono na kuchukua chati ya karibu. Aliigeuza. Aliirudisha upande wa mbele. Aligeuka kumwuliza Matroni kitu, na Matroni, ambaye alikuwa bado hajaona, aliendelea kutabasamu.

Muuguzi alifunika kalamu na kuitia mfukoni.

Nyuma yake, mezani, Mama Unga aliitoa nepi juu ya mzani. Aliikunja mara mbili, kisha mara nne, akainyoosha kingo zake kwa kiganja kama nguo ya kwenda nayo safari. Wageni walimtazama, maana ndiye pekee mle ndani aliyekuwa akifanya kitu.

"Hii," alisema, akirudi nayo kwa mwanawe, "haina haja ya kamba."